Kuchora viinitete: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachoraji wa Nairobi

Majibu haya ni ya wachoraji, walimu wa bayolojia na wanafunzi wanaotaka kuchora kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika ndani ya yai au tumboni, kwa namna ambayo mwanaanatomia ataitazama na kuikubali. Mengi yanahusu kuku, na sababu utaziona hapa chini.

Simu yangu ina kamera nzuri. Kwa nini nihangaike kuchora?

Kamera iliyowekwa kwenye hadubini hushika tabaka moja jembamba tu. Ukikuza mara 20, jicho la kiinitete likiwa wazi moyo unaingia ukungu. Ukishuka kwenye moyo, jicho linapotea. Mchoraji huzungusha gurudumu la hadubini juu na chini, akakusanya tabaka zote katika picha moja. Pia huondoa vinavyosumbua macho: mng'ao wa utando, chembe za kiini cha yai, damu iliyovuja.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mchoro una uamuzi ndani yake. Unaweza kuchora kielelezo kimoja kama kilivyo, pamoja na kasoro zake, au ukachora umbo la kawaida lililokusanywa kutoka vielelezo vitano au sita. Njia zote mbili ni halali, mradi maelezo chini ya picha yaseme umefuata ipi. Picha isiyosema ndiyo inayoleta ugomvi, kama utakavyoona kwenye swali la Haeckel, mwanabiolojia Mjerumani wa karne ya 19.

Nianze na kiinitete cha mnyama gani?

Kuku. Yai ni rahisi kupata, kiinitete kinalala juu ya kiini kama bamba, na katika saa 72 za kwanza karibu viungo vyote vikuu vinajitokeza mbele ya macho yako. Isitoshe, ratiba yake inajulikana vizuri. Viktor Hamburger na Howard Hamilton waliigawa mwaka 1951 katika hatua 46, kuanzia yai lililotagwa hadi kifaranga kinachoanguliwa siku ya 21, na hatua hizo bado ndizo zinazotumika duniani kote. Ukiandika "hatua ya 14" chini ya mchoro wako, msomaji wa Nairobi na wa Tokyo wataelewa kitu kimoja.

Ukishazoea, jaribu kambare. Mayai yake ni angavu, na katika maji ya nyuzi 27 hivi huanguliwa kwa muda wa kama siku moja, kwa hiyo unaweza kuchora ukuaji wote katika kikao kimoja kirefu. Omba mayai machache kwa mfugaji anayezalisha vifaranga vya samaki. Mayai ya chura ya msimu wa mvua yanavutia pia, lakini usiyachote katika hifadhi yoyote bila kibali.

Nimenunua trei ya mayai supamaketi, nikayatia joto siku tatu, sikuona kitu.

Hukuona kitu kwa sababu hakukuwa na kitu. Mayai ya supamaketi hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Nenda kwa mfugaji mwenye jogoo. Wako wengi pembezoni mwa jiji, upande wa Kikuyu, Ngong, Ruai na Kiambu. Muulize ana jogoo wangapi kwa kuku wangapi: jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10 ni uwiano mzuri. Akikwambia mmoja kwa 25, tarajia mayai mengi matupu.

Chukua yaliyotagwa ndani ya siku saba. Yaweke mahali penye ubaridi wa nyuzi 13 hadi 18, ncha nyembamba ikiangalia chini. Usiyaweke kwenye friji, maana baridi ya nyuzi 4 inaua viinitete vingi. Usiyaoshe. Na kama yamesafiri kwa matatu au bodaboda, yaache yatulie usiku mmoja kabla ya kuyatia joto. Mtikisiko hulegeza nyuzi za ute zinazoshikilia kiini mahali pake, na matokeo yake huwa viinitete vilivyokufa katika siku ya kwanza au ya pili. Watu hulaumu kiangulio bure.

Joto liwe kiasi gani, na stima ikipotea?

Kiangulio chenye feni: nyuzi 37.5. Kisicho na feni: pima kwa kipimajoto kilicho usawa wa mgongo wa mayai, si chini wala karibu na balbu, na ulenge 38 hadi 38.5. Unyevu wa asilimia 50 hadi 60 unatosha. Joto likizidi 39.5 kwa muda mrefu utapata viinitete vyenye vichwa vilivyopinda vibaya au mioyo iliyovimba, na mchoraji mgeni anaweza kuvichora kwa bidii akidhani ndivyo vilivyo.

Stima ikipotea usifungue mlango wa kiangulio. Kifunike kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa. Kiinitete kichanga hustahimili kupoa kwa saa kadhaa. Husimama kukua, kisha huendelea joto likirudi. Tatizo ni kwamba saa zako zimeshaharibika: yai la saa 48 sasa lina umbo la saa 42. Ndiyo sababu hatupendi mchoro unaotaja saa peke yake. Hesabu somaiti, yaani vile vipande vidogo vya jozi vilivyopangwa kandokando ya mrija wa neva, ambavyo baadaye huwa pingili za uti wa mgongo, misuli na ngozi ya mgongoni. Katika kuku jozi mpya hujitenga kila baada ya dakika 90 hivi. Kwa kipimo cha Hamburger na Hamilton:

- jozi 4, saa 26 hadi 29: hatua ya 8
- jozi 10, saa 33 hadi 38: hatua ya 10, moyo unaanza kudunda
- jozi 16, saa 45 hadi 49: hatua ya 12
- jozi 22, saa 50 hadi 53: hatua ya 14

Kuanzia siku ya tatu kiinitete hujikunja na kuhesabu kunakuwa kugumu. Hapo tazama vichipukizi vya mbawa na miguu badala ya somaiti.

Wengi huuliza kuhusu mwinuko wa Nairobi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upungufu wa oksijeni huwasumbua wanaotaka vifaranga. Kwa kazi ya siku tatu za mwanzo hauna athari ya kukuhangaisha. Baridi ya Julai usiku inaathiri zaidi, hasa kama kiangulio ni cha mbao nyembamba.

Nafunguaje yai bila kupasua kiini?

Jibu hili ni refu kwa sababu hapa ndipo mayai mengi hupotea.

Tangu mwanzo wa kuyatia joto mayai yalale ubavu, na usiyageuze. Weka alama ya penseli juu. Kiinitete huelea upande wa juu wa kiini, kwa hiyo kitakuwa chini ya alama hiyo. Muda ukifika, kaza yai kwenye kikombe kilichojaa pamba, lifute kwa spiriti ya asilimia 70 na uliache likauke.

Toboa tundu dogo kwenye upande butu, penye nafasi ya hewa. Ingiza sindano ikielekea chini kabisa, ikigusa ganda la chini, kisha vuta ute mwepesi mililita 2 hadi 3. Kiini kitashuka na kuachana na ganda la juu. Ukiona manjano kwenye bomba la sindano umeshatoboa kiini, na kosa ni karibu kila mara pembe: sindano ilielekezwa katikati ya yai badala ya chini. Yai hilo limekwisha. Ziba tundu kwa seloteipu.

Bandika seloteipu pana juu ya alama ya penseli ili vipande vya ganda visianguke ndani, halafu kata dirisha la duara la sentimita 2 kwa mkasi mdogo uliopinda, ncha yake ikiinuliwa juu muda wote. Dondosha matone machache ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 38. Maji hayo ni gramu 7.2 za chumvi safi ya maabara katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Maji ya kuongezea betri ya gari yanafaa, lakini soma chupa: madukani huuzwa pia asidi ya betri katika chupa zinazofanana nayo.

Sasa unaweza kuchora kiinitete kikiwa hai ndani ya yai, au kukitoa. Ili kukitoa, kata pete ya karatasi ya kuchujia yenye tundu la sentimita 1.5 hadi 2, ilaze juu ya utando ili kiinitete kiwe katikati ya tundu, subiri sekunde chache ishike, kisha kata utando kwa mkasi kuzunguka nje ya pete. Inua pete kwa kibanio ukiwa umeilaza kidogo na uiweke kwenye bakuli la kioo lenye maji ya chumvi ya joto. Itikise taratibu hadi manjano yote yatoke. Pete ikiteleza na kuacha kiinitete nyuma, kulikuwa na ute mzito uliobaki juu ya utando. Ufute kwanza kwa kipande cha karatasi hiyo hiyo ya kuchujia.

Kwa mazoezi haya tunashauri usivuke siku ya tano. Viinitete vikubwa zaidi vinahitaji msimamizi mwenye ujuzi na taratibu za chuo.

Naona manjano tupu. Kiinitete kiko wapi?

Kabla ya saa 40 kiinitete kinakaribia kuwa kama kioo. Dawa yake ni wino mweusi wa kaboni uliochanganywa na maji ya chumvi, sehemu moja ya wino kwa tisa za maji. Ingiza sindano nyembamba nje ya eneo la mishipa, ikiwa imelala karibu sambamba na kiini, ipite chini ya kiinitete na uachie mililita 0.1 tu. Kiinitete kitatokea cheupe juu ya weusi. Wino ukitawanyika juu badala ya chini, hukupenya utando. Fanya kazi yako ndani ya saa moja, kwa sababu wino mwingi wa madukani una viambato vinavyoua.

Ukishakitoa kwenye pete, huhitaji wino. Mulika kutoka chini kwa mwanga uliopinda kidogo badala ya ulionyooka. Kingo za somaiti zitajitokeza zenyewe.

Je, nikihifadhi kwenye fomalini nichore baadaye?

Unaweza, ila utachora kitu tofauti. Fomalini ya asilimia 10 hukifanya kiinitete kiwe cheupe na kigumu kidogo, mishipa inapoteza wekundu, na ukihamishia kwenye spiriti kinasinyaa. Kwa hiyo pima na uchore mistari mikuu kikiwa kibichi, kisha tumia kilichohifadhiwa kwa kivuli na undani. Fomalini hudhuru macho na mapafu: fungua madirisha, vaa glavu, na usiitie kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Vitabu vyote vinasema nikae kwenye dirisha la kaskazini. Mbona jua linanipiga?

Kwa sababu vitabu hivyo viliandikwa Ulaya. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Hakuna dirisha lenye kivuli mwaka mzima. Funika kioo kwa karatasi angavu ya kunakilia, au tumia taa ya LED nyeupe. Popote ulipo, mwanga kwenye mchoro utoke juu kushoto. Ni desturi ya wachoraji wa sayansi, na macho ya msomaji yameizoea kiasi kwamba ukiigeuza, mashimo yataonekana kama vilima.

Napimaje kitu cha milimita saba?

Kwa kioo cha vipimo: kipande cha kioo chenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, ambacho kila maabara ya hadubini inacho. Kiweke chini ya hadubini kwenye ukuzaji ule ule utakaotumia, uone kila mgawanyo wa rula iliyo ndani ya jicho la hadubini una thamani gani, uandike. Ukibadilisha ukuzaji, pima upya. Kusahau hatua hii ndiko kunakoleta viinitete vya kuku vyenye urefu wa sentimita nne "kwa saa 60".

Mfano. Kiinitete kina milimita 7 kutoka kisogoni hadi mkunjo wa mkia. Unataka kiwe milimita 140 kwenye karatasi, yaani mara 20. Mstari wa kipimo wa milimita 1 utakuwa na urefu wa milimita 20 kwenye karatasi yako. Mhariri akiupunguza mchoro hadi asilimia 60, mstari nao unapungua hadi milimita 12 na bado unasema kweli. Kumbe ukiandika "×20" tu, maandishi yanabaki yale yale huku picha imeshapungua. Chora mstari, usiandike namba ya ukuzaji.

Chukua angalau vipimo vitano kabla ya kuchora: urefu wote, upana wa kichwa, kipenyo cha jicho, umbali kutoka jicho hadi moyo, na urefu wa kichipukizi cha bawa. Macho hudanganya. Karibu kila mchoraji mgeni huchora jicho dogo mno, kwa sababu jicho la kiinitete cha kuku ni kubwa kuliko ambavyo akili inakubali, na huweka mkia mrefu mno.

Mwalimu amesema moyo wangu uko upande usiofaa. Kivipi?

Ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Moyo wa kuku huanza kama mrija ulionyooka katikati, kisha hujipinda kuelekea kulia kwa kiinitete. Ukikitazama kutoka mgongoni, uvimbe huo uko mkono wako wa kulia. Ukikigeuza na kukitazama kutoka tumboni, uko kushoto kwako. Pete ya karatasi hugeuka ndani ya bakuli bila wewe kujua. Hadubini nyingine za vikuzo vikubwa hupindua picha. Na programu za kuchorea kwenye tableti zina kitufe cha kugeuza turubai ambacho wachoraji hukipenda ili kukagua uwiano, wakasahau kurudisha. Matokeo ni kiinitete chenye viungo vilivyobadilishana pande, hali ambayo ipo kweli katika tiba na ina jina lake.

Andika "mgongo" au "tumbo" kwenye pembe ya karatasi kabla ya mstari wa kwanza. Katika siku ya pili na ya tatu kichwa kwanza, kisha mwili, hugeuka na kulala kwa ubavu wa kushoto juu ya kiini. Ukitazama kutoka juu ya yai la saa 72, unaona ubavu wa kulia. Mchoro wa kutoka juu unaoonyesha ubavu wa kushoto lazima utoe sababu.

Nukta au kivuli laini?

Kama mchoro utachapishwa kwa wino mweusi mmoja, nukta. Fuatisha mistari mikuu kutoka karatasi ya kunakilia hadi karatasi nzito na laini, isiyonyonya wino. Chora ukubwa wa mara moja na nusu hadi mbili ya utakavyochapishwa. Kalamu ya milimita 0.1 inapendeza mezani, lakini ikipunguzwa nusu nukta zake hupotea. Anza na 0.2 au 0.3. Weka nukta kwenye sehemu nyeusi kabisa kwanza, sogea kuelekea mwangani ukizipanua nafasi badala ya kuzipunguza nukta. Simamisha kalamu wima. Ikilala, nukta inakuwa mkia wa koma, na mkono uliochoka huanza kuzipanga kwa safu bila kukusudia. Hapo pumzika.

Somaiti zisifanane. Zilizo karibu na mkia ndizo changa, zina kingo kali. Zilizo karibu na kichwa zimeanza kulegea na kingo zake hazieleweki vizuri. Mchoro wenye shanga ishirini zilizo sawa ni pambo tu.

Kwa kivuli laini, njia ya heshima ni vumbi la kaboni. Ilikuzwa na Max Brödel, Mjerumani aliyehamia Baltimore na mwaka 1911 akaongoza idara ya kwanza ya chuo kikuu ya kufundisha uchoraji wa tiba, pale Johns Hopkins. Unasugua penseli ya kaboni kwenye msasa, unachukua vumbi kwa brashi laini kavu, unalisambaza kwenye karatasi iliyopakwa udongo mweupe, kisha unakwaruza mwanga kwa ncha ya kisu. Utando ulio juu ya jicho huonekana umelowa kweli. Karatasi yenyewe ni shida kupata hapa; badala yake tumia ile plastiki yenye uso usiong'aa wanayouziwa wachora ramani za majengo. Mwanga huko utautoa kwa raba iliyochongwa, kwa kuwa kisu kitakwaruza vibaya. Weka karatasi chini ya kiganja, maana jasho moja linaacha doa ambalo vumbi litaling'ang'ania. Vaa barakoa, na usipulize vumbi kwa mdomo.

Rangi zina kanuni?

Zipo. Katika michoro ya kufundishia, tabaka la nje la kiinitete ni buluu, la kati jekundu, la ndani manjano. Ukizibadilisha mwanafunzi atapotea. Mishipa ina mtego wake: katika kitovu cha binadamu mnaingia mishipa mitatu, ateri mbili na vena moja, na vena ndiyo inayoleta damu yenye oksijeni kutoka kondo la nyuma. Kama rangi zako zinaonyesha oksijeni, vena hiyo ni nyekundu na ateri ni buluu, kinyume cha mazoea ya mwili wa mtu mzima. Andika kwenye maelezo rangi zinaonyesha nini.

Naweza kuchora kiinitete cha binadamu?

Ndiyo, kutokana na vielelezo vilivyokwisha chapishwa kihalali au kwa idhini ya maandishi ya taasisi inayovihifadhi. Ukitaka kuketi mbele ya kielelezo halisi, iwe katika idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Chiromo au chuo kingine, andika barua inayosema unachora nini, kwa matumizi gani na kitachapishwa wapi, na utarajie kuulizwa kuhusu kamati ya maadili. Usipokee kamwe kielelezo cha binadamu kutoka kwa mtu binafsi, hata kama ni daktari rafiki yako.

Msingi wa kazi hii ni hatua 23 za Carnegie, zilizopewa jina la taasisi ambayo idara yake ya embriolojia ilianzishwa Baltimore mwaka 1914. Zinahusu siku 56 za kwanza tangu utungisho. Hatua ya 13 ina milimita 4 hadi 6, ya 16 milimita 8 hadi 11, ya 23 milimita 27 hadi 31. Baada ya hapo tunasema kijusi. Vielelezo vingi vya mkusanyo huo vilitoka kwa wanawake waliopoteza mimba au kufanyiwa upasuaji, katika enzi ambayo idhini haikuombwa kama inavyotakiwa leo. Mchoraji anapaswa kulijua hilo.

Makosa ya kawaida: vidole kuonekana mapema mno; mkono na mguu kuwa sawa, ilhali mkono hutangulia; mkia kufutwa kwa aibu, ingawa wiki ya tano upo; matao ya koo, yaani mikunjo iliyo shingoni, kuchorwa kama matamvua ya samaki yaliyo wazi. Halafu kuna wiki. Kliniki huhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wataalamu wa embriolojia kutoka utungisho. Tofauti ni wiki mbili. Bango linalosema "wiki 8" bila kueleza linaweza kumaanisha kiinitete cha milimita 30 au cha nusu ya hapo.

Na ukichorea kliniki, uliza bango litatundikwa wapi. Ukuta wa chumba wanakosubiri mama waliopoteza mimba haufai.

Haeckel alidanganya?

Katika toleo la 1868 la kitabu chake, Ernst Haeckel alichapisha picha tatu, mbwa, kuku na kobe, zilizopigwa chapa kutoka kibao kimoja. Mwanazoolojia Ludwig Rütimeyer wa Basel alimuumbua, na toleo lililofuata likarekebishwa. Mwaka 1874 alitoa safu mashuhuri za viinitete vya wanyama mbalimbali vinavyofanana sana mwanzoni. Mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake waliziweka kando ya picha halisi, na tofauti zikaonekana: ukubwa ulisawazishwa, idadi ya somaiti haikulingana na vichipukizi vya miguu vilibadilishwa. Kwamba viinitete vya wanyama wenye uti wa mgongo vinafanana kwa mengi ni kweli. Kosa ni kuuchora mfanano huo zaidi ya ulivyo bila kumwambia msomaji. Ukisawazisha ukubwa ili kulinganisha, weka mstari wa kipimo chini ya kila kimoja.

Basi hii ni sanaa au ni sayansi?

Tazama kazi ya Jan van Rymsdyk, aliyemchorea mwanaanatomia William Hunter mabamba mengi kati ya 34 ya tumbo la uzazi la mjamzito yaliyotoka mwaka 1774. Katika moja, mwanga wa dirisha la chumba unaonekana ukirudishwa na utando. Ulikuwepo, akauchora. Leonardo, yapata mwaka 1511, alichora kijusi cha binadamu kwa ustadi usiosahaulika, lakini akakizungushia kondo la aina ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyempasua. Mkono wa Leonardo ni mzuri kuliko wa van Rymsdyk. Mwanafunzi wa tiba atajifunza zaidi kutoka kwa van Rymsdyk.

Nimelipwa na mchapishaji. Haki ya mchoro ni ya nani?

Angalia mkataba kabla ya kupokea pesa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wachoraji wengi wanadhani ni kinyume. Ukitaka kubaki na haki, andika kwamba unatoa ruhusa ya matumizi fulani, kwa toleo fulani, na kwamba mchoro wa asili ni wako. Omba jina lako liwe chini ya picha yenyewe. Ukurasa wa shukrani hausomwi.

Niutume vipi?

Mchoro wa nukta: skani kwa nukta 1,200 kwa inchi, nyeusi na nyeupe. Vumbi la kaboni: nukta 600, kijivu, na usiikaze mwangaza hadi weupe wa karatasi umeze kivuli chepesi cha utando. Majina ya sehemu yawe kwenye tabaka lake, kwa sababu mtu atataka kuyatafsiri. Chapisha nakala moja kwa ukubwa wa mwisho kwenye printa ya kawaida ya mjini, uishike umbali wa mkono. Nukta zikiungana na kuwa doa jeusi chini ya kidevu cha kiinitete, rudi ukazipunguze hapo kwa kisu kabla ya kutuma faili.